Kurasa za Upande wa Kulia

Dada Nsimire,

Nimepata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari. Jina langu lilibandikwa ukutani mwa shule, katikati ya karatasi, si juu wala chini. Maman alipoliona aliligusa kwa kidole, kama mtu anayeangalia kama rangi imekauka. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kulisikia jambo hili. Umekuwa wa mwisho, kwa sababu imenichukua siku nyingi kupata ujasiri wa kukuandikia.

Nyumbani mambo machache yamebadilika. Maman sasa anauza maharagwe soko la Kadutu, karibu na wenye ndizi. Anasema wateja wa huko hawabishani sana. Papa amepaka nyumba chokaa. Kitandani mwako nimelala mimi tangu mvua za kwanza. Mwanzoni nililala ukingoni tu, upande wa ukuta. Kisha asubuhi moja nikaamka nikajikuta katikati. Nisamehe. Au labda hili si jambo la kuombea msamaha.

Watu bado wanauliza kwa nini ulichagua Kihispania. Unakumbuka Papa alivyowajibu wageni? "Mumuulize yeye. Mie nilimutuma asomee udaktari, akarudi na kiespanyole!" Wageni walicheka, naye alicheka kuliko wote, lakini barua zako za kutoka chuoni Lubumbashi alizitunza mfukoni mwa koti lake la kanisani.

Mimi najua ulikotoa Kihispania. Ni kwenye baa iliyo chini ya nyumba yetu, kwenye zile sahani za muziki kutoka ng'ambo. Barabara nzima ilijua nyimbo hizo kwa moyo na hakuna aliyejua zinasema nini. Tonton Bahati, mdogo wake Papa, aliziimba akiwa amefumba macho. Wewe ulikuwa na miaka kumi, ukamuuliza: "Tonton, huyu mutu analia nini?" Akajibu: "Analia tu. Wewe cheza." Hukucheza. Miaka mingi baadaye uliniandikia kwamba sasa umeuelewa wimbo mmoja, na kwamba yule mtu hakuwa analia hata kidogo, alikuwa anajisifu kwa viatu vipya. Nilimsomea Tonton barua ile. Akasema: "Basi mie nitaendelea kulia."

Sasa niandike habari ya Kasha, kwa Koko, bibi yetu. Ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Likizo kubwa ya mwaka jana ulikuja na memwari yako, ile kazi ndefu ambayo mwanafunzi anaiandika kabla ya kupewa lisansi. Ulinieleza tukipanda mlima, nami nikikubebea kikapu. Ulisema Wahispania wa zamani waliandika vitabu juu ya maskini wanaoishi kwa ujanja, wanaowadanganya mabwana zao ili wapate kula. Ulipovisoma chuoni ulicheka peke yako, kwa sababu ulimwona Sungura wa Koko, Sungura yule yule, amevaa kofia ya Kizungu. Ulitaka kuwaweka pamoja katika kitabu kimoja. Profesa wako alikuambia: Sungura wa vitabuni tunaye, niletee wa bibi yako.

Lakini Koko hakukubali kusimulia mchana. Huo ni mwiko wetu, unaujua. Hadithi ni za jioni, na anayezisimulia jua likiwa juu anaita kifo nyumbani. Na jioni kule Kasha hapakuwa na mafuta ya taa, moshi wa jikoni ulitutoa machozi, hukuweza kuandika hata mstari. Ulibaki na siku tisa tu za kukaa kule. Ulikaa kwenye kigoda, mikono magotini, umeshindwa.

Mimi ndiye niliyesema. Si wewe. Nilisema: "Tufunge madirisha." Nikatundika mikeka kwenye madirisha yote mawili, nikausukuma mlango hadi ukabaki ufa wa mwanga unaotosha daftari tu, nikamwambia Koko: "Ona, jua limeshazama." Koko alitutazama, akacheka hadi akakohoa, akaanza.

Siku tisa. Madaftari mawili. Kurasa za kushoto niliandika mimi, maneno ya Koko jinsi yalivyotoka. Za kulia uliandika wewe, kwa Kihispania. Ulisema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa karani yeyote wa Bukavu. Hakuna aliyewahi kuniambia kitu kama hicho.

Tulirudi nyumbani Jumapili. Jumatano ulishikwa na homa. Jumatatu iliyofuata.

Sitaandika Jumatatu.

Kilioni, mbele ya watu wote, Shangazi alisema: "Hadithi za muchana! Muzee mwenyewe ndiye anajua mwiko, na muzee mwenyewe ameuvunja." Koko alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka. Hakujibu. Nami sikujibu. Dada, watu wawili tu chumbani mle walijua ni nani aliyetundika ile mikeka, na mmoja wao alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Unanijua. Shuleni nilikubali sifuri kuliko kusoma kwa sauti.

Tangu siku ile Koko hakumsimulia mtoto yeyote hadithi, mchana wala jioni. Watoto wa Kasha walipokuja aliwapa ndizi na kuwarudisha kwao. Wanawake walipunguza sauti alipopita kwenda kisimani. Na kila Jumapili nilipomtembelea alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za masomo, na hakutaja ile mikeka hata mara moja. Hilo ndilo lililonichoma kuliko maneno ya Shangazi.

Kisha ikaja fishi ya kuomba nafasi chuo kikuu, yenye mistari mitatu ya kuchagua masomo. Papa aliisoma akasema: "Uguzi, ualimu, unachotaka. Ila ile kiespanyole, hapana. Ilishatuchukulia mumoja." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Na mimi, ambaye mwaka mzima nilifungua sanduku lako la madaftari kila alipotoka, nilijibu: "Ndiyo, Papa."

Wiki ile ile tulimaliza matanga yako. Ukoo wote ulikuja kwetu, kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikapita, vitenge vyako vikagawanywa. Shangazi alipewa kile cha kijani ulichokipenda. Akakikunja, akalia, na katikati ya kilio akasema tena: "Angekuwa anakivaa yeye leo, kama si zile hadithi." Niliona Koko akiinamisha kichwa.

Nilisimama. Sijui nilisimamaje. Nilisema: "Ni mie nilifunga madirisha. Koko alikataa. Ni mie nilimudanganya ya kama jua imezama." Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini nyumba ilikuwa imenyamaza, kila mtu alisikia.

Koko aliinua uso. "Kuja hapa," akasema. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake. "Unafikiri ulinidanganya? Kuku zilikuwa zinanikanyaga miguu. Wapi uliona kuku inatembea usiku?"

Tonton Bahati alicheka, akajiziba mdomo, na wengine wakacheka naye.

"Nilijua iko muchana," Koko akaendelea. "Nilisema kwa sababu nilitaka kusema. Miaka mingi mutu mukubwa hakuja kuniuliza hadithi. Munakujaka kuniomba chumvi."

Shangazi akauliza, kwa sauti ya chini sasa: "Na mwaka muzima ulinyamaza kwa nini, Mama?"

"Nilikuwa na huzuni. Ni wewe uliita ile huzuni mwiko. Homa inaua hata watoto ya watu wasiojua hadithi moja."

Shangazi alikaa na kitenge chako mapajani. Baadaye niliona amehamia kwenye mkeka wa Koko, wakawa wanakula sahani moja.

Koko aliomba madaftari. Papa mwenyewe ndiye aliyefungua sanduku. Nilisoma ukurasa wa kushoto, kwa sauti, mbele ya watu, Dada, mimi. Koko aliitikia kwa kichwa kila palipokuwa sawa, na mahali pamoja akanirekebisha. Kisha akaweka kiganja chake kwenye ukurasa wa kulia.

"Na hapa?"

"Hapa ni Dada."

"Anasema nini?"

Nilijua *abuela*, bibi. Nilijua *hermana*, dada, na zile namba ulizonihesabisha tukipanda Kadutu. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Na nilipotazama vizuri niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa mwaka mzima. Kurasa zako ni ndefu kuliko zangu. Zangu zinaishia katikati, zako zinajaa hadi pembeni, na nyingine umegeuza daftari ukaandika kwa wima. Hukuwa unatafsiri tu. Ulikuwa unaandika mambo yako mwenyewe, labda juu ya Koko, labda juu yetu, siku zile tisa, muda mfupi kabla ya homa, na nyumbani hakuna anayeweza kuzisoma kurasa hizo.

Nilimwambia Koko hivyo. Alifikiri. Kisha akasema, si kwangu, kwa wote: "Basi mutoto wetu anaongea, na hakuna mutu wa kumuitikia?"

Papa alitoka nje. Tulimsikia akitembea uani, huku na huko, kwa muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akasema: "Leta ile fishi." Akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akanipa. "Andika mwenyewe. Mukono yangu inakataa, lakini wewe andika."

Nikaandika Kihispania kwenye mistari yote mitatu. Chini kulikuwa na mstari wa sababu. Niliandika: *Kusoma maandishi ya dada yangu.*

Karani wa ofisi aliisoma mara mbili. "Citoyenne," akasema, kwa lile neno la Serikali la kumwita kila mtu mwananchi, "hapa wanaandikaka kutumikia taifa."

"Najua, citoyen."

"Utaacha hivi?"

"Nitaacha hivi."

Akanitazama, akagonga muhuri.

Majina yalitoka juzi. Nimepewa Kihispania. Ninaondoka Jumamosi, na Maman amenishonea mfuko wa madaftari yako ili yasilowe njiani. Naogopa, sitakuficha. Kule nitapaswa kusema mbele ya watu, katika lugha ambayo ninaijua hadi kumi tu. Huenda nikapata sifuri tena. Safari hii nitaipata nikiwa nimefungua mdomo.

Sikuambii upumzike, Dada, maana kupumzika hukukupenda hata ulipokuwa na homa. Ulikuwa unaomba kalamu. Nakuaga tu, kama tulivyoagana kila mwisho wa likizo, mmoja akienda na mwingine akibaki, ila sasa mwenye kwenda ni mimi.

Nakuahidi nitazisoma kurasa zako zote. Sitaruka hata mstari, hata ule ulioandika juu ya uvivu wangu. Na nitakapozielewa nitarudi Kasha, nimsomee Koko kwa lugha yake, polepole, akiwa bado hai na anasikia.

Mdogo wako,
Nabintu