Miguu ya Rihab

Omdurman

Kwa Mama mdogo Batoul,

Assalaam aleikum. Natumai goti limekupa nafuu huko Port Sudan, na watoto hawajambo. Sisi wazima, isipokuwa mdogo wangu Rihab, na ndilo linaloniandikisha.

Unajua amenitangulia kuolewa. Wageni wananiambia, "Na wewe Sawsan, wako yuko njiani," huku macho yako kwake. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma. Tangu awekwe ndani, kila jioni Mama alimkalisha uchi juu ya shimo la moshi wa kuni za mtalha, kajifunika blanketi, mpaka ngozi ikakolea rangi. Mchochea kuni nilikuwa mimi.

Mwenyewe akataka na leza ya kuondoa nywele za miguu, maana kwenye ngoma ya bibi harusi gauni ni fupi na mtaa mzima hukodoa macho. Mara ya kwanza, kabla hajaanza moshi, ilikwenda salama. Mara ya pili yule binti Msiria wa mashine alimuuliza kama amekaa juani. Rihab akacheka: "Jua? Dada, mimi hata kibarazani sitoki!" Hakudanganya, na mgeni yule moshi wetu haujui. Akawasha. Kumbe leza huifuata rangi, na rangi ilikuwa ngozini. Miguu yote ikatoka malengelenge ya mistari mistari. Mama alimtukana yule binti matusi ya nguoni, naye analia tu, anasema aliuliza.

Mama mdogo, wewe peke yako nakwambia. Siku ile ya kwanza, Rihab akivaa, binti aliniagiza mimi: asijipake wala asijifanyie chochote cha kukoleza ngozi kabla ya kurudi. Niliitikia. Nyumbani nikafunga mdomo, nikaongeza kuni. Sikutaka aungue, wallahi. Nilidhani leza itashindwa tu, nywele zibaki; nilitaka asing'are.

Jana kacheza na bandeji. Wanawake walilia, wakapiga vigelegele ambavyo sijapata kuvisikia, na bwana harusi wake Muzammil akamshika mkono asiyumbe. Sasa hataki mwingine amfunge vidonda ila mimi. Anasema nina mkono wa huruma. Nampaka dawa asubuhi na jioni, na roho inanisuta. Lakini jana, vigelegele vilipopanda, nilizitazama zile bandeji nikatamani zingekuwa zangu.

Tusalimie wote hapo nyumbani. Niombee.

Mwanao,
Sawsan