Baiskeli ya Idi Kwenda Tabora

Jumatatu, 15 Septemba
Nimefungua kibanda saa mbili. Zipu, vifungo, uzi. Kariakoo imeamka, mimi bado. Mama kapiga simu kutoka Tabora. Arobaini ya mdogo wangu Idi itasomwa huko Jumapili, anataka nije na baiskeli yake. Idi tulimzika hapa Dar siku ileile aliyofariki, kama dini inavyotaka. Mama hakuwahi. Hakumgusa mwanawe. Macho yamefungwa na mtoto wa jicho, siku hizi anaona kwa mikono.
"Niletee nishike alichokuwa anashika kila siku," amesema.
Nimemwambia nitaleta. Baada ya hapo nimeuza zipu mbili tu, na moja nimekosea rangi.

Jumanne, 16 Septemba
Ilala, kwa marehemu. Shemeji, mjane wake, yuko eda, tumezungumza yeye akiwa nyuma ya pazia. Baiskeli ipo uani. Idi aliitumia kusambaza mikate miaka kumi na miwili. Kiti kimeshonewa kipande cha mpira wa tairi. Raba za usukani zimeliwa na vidole vyake, upande mmoja zaidi. Breki ya nyuma hakuna. Nimeona aibu. Niingie Tabora na hiki chuma, watu waseme Bongo imetushinda wote wawili?
"Ipeleke kama ilivyo, shemeji," kasema.
Nikaisukuma nje. Kwetu mtu hatoki mjini na kitu chakavu mkononi.

Jumatano, 17 Septemba
Fundi wa Msimbazi kafanya kazi kutwa. Rangi nyeusi, kiti kipya, raba mpya, breki, kengele. Nimeisukuma mpaka nyumbani kwa mkono mmoja, makusudi, watu waone. Nina fahari, sifichi.

Alhamisi, 18 Septemba
Stesheni. Baiskeli haipandi na abiria. Inakwenda behewa la mizigo, na unaipeleka siku moja kabla. Karani wa vifurushi ametaka pedali zitoke, usukani ugeuzwe, yote ifungwe magunia. Nimefunga nimepiga magoti sakafuni. Akapima, akajaza fomu: baiskeli moja, mpya. Nikamwambia si mpya, ya marehemu.
"Mzee wangu, mbona mpya kabisa hii."
Nimetoka pale kwa miguu hadi Msimbazi. Fundi anasema vya zamani vimebebwa asubuhi, muuza vyuma kachukua kiti, raba zimekwenda na taka. Nimezunguka kwa wauza chakavu mpaka Magharibi. Hakuna. Majuto ni mjukuu. Mama aliomba mkono wa mwanawe, mimi nimempakilia kitu cha dukani. Shemeji alisema, nikajifanya sikusikia. Sijala.

Ijumaa, 19 Septemba
Tumeondoka. Behewa la mizigo liko mkiani. Kila tukisimama nateremka kulitazama. Jirani yangu kwenye kiti anadhani nina mali humo. Kabla ya Morogoro nimejikuta naomba liachwe njiani, nipate kusema ni mambo ya reli. Nimeomba hivyo kweli. Wakati mwingine mimi ni mtu wa ovyo.

Jumamosi, 20 Septemba
Bado tunaenda. Vumbi. Nimetunga uongo: Idi mwenyewe ndiye aliyeitengeneza wiki moja kabla hajafa. Nimeurudia kimoyomoyo mpaka umenyooka.

Jumapili, 21 Septemba
Khitma imesomwa, watu wamekula, wameondoka. Baiskeli ilifika salama, nimeifungua uani. Mama kapapasa usukani, kiti, kengele. Akarudi kwenye usukani, akakaa nao sana.
"Hii siyo yake."
Uongo niliotunga niliuacha. Nikamwambia kweli yote, fundi, rangi, aibu yangu. Hakunigombeza. Aliuliza jambo ambalo siku zote hizi hakuna aliyemweleza: nani alimwosha Idi.
"Mimi, mama."
Akataka kujua vipi. Nikamwambia. Maji ya vuguvugu. Upande wa kulia kwanza. Kwamba kovu la gotini lilikuwapo bado. Kwamba nilimfumba macho mimi. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho.
Kisha akanitafuta mikono, yote miwili, akaiweka mapajani mwake. Alipitisha vidole vyake juu ya vyangu polepole, kidole kwa kidole. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya Alasiri.