Kwa Mama Mwende, Aliyetupeleka Kwenye Intaneti

Mpendwa Mama Mwende,

Wenzangu wa chama cha magari ya zamani wamenituma nikupashe habari. Uongo. Hakuna aliyenituma. Nyumba imenyamaza tu, na mimi nimezoea kukupigia kelele.

Unakumbuka Desemba ya mwaka jana, tulipobaki wazee wachache na magari yasiyotaka kuwaka? Mzee Kioko, mwenyekiti wetu, alisema tukikosa vijana kufikia Krismasi ya tisini na nane tuvunje chama, kila mtu auze chuma chake. Wewe uliyekuwa umekuja kutuletea chai tu ndiwe uliyesema, "Vijana wako kwa intaneti. Wafuateni huko." Kioko akauliza hiyo intaneti iko upande gani wa Makindu. Nilimcheka sana, ingawa nami sikujua.

Basi siku zako za kliniki Nairobi zikawa siku zetu za saiba, lile duka la intaneti. Daktari asubuhi, kompyuta mchana. Nilikusihi upumzike. "Nitapumzika nikifika nyumbani, Baba Mwende. Sogea, unaniziba mwanga."

Tangazo la kwanza tuliliandika sisi wanaume, nawe ukatuacha makusudi. Kila mwenye gari alipigwa picha kando ya gari lake, suti ya kanisani, mikono imenyooka, hakuna kucheka. Chini yake jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, mwana wa nani, mume wa nani, baba wa nani. Hivyo ndivyo tunavyojua kumtambulisha mtu wa heshima. Majibu yakaja: "Poleni kwa msiba." Mwingine akauliza mazishi ni lini, na kama kutakuwa na basi la kutoka Machakos. Ulicheka ukashika mbavu, upande ule ule uliokuwa ukiuma, nisijue kama nikuache ucheke au nimwite daktari.

Kisha ukafanya ya kwako. Ukatoa ile picha uliyonipiga tukipanda Mbooni: Pijo letu limechemka, boneti iko juu, mvuke umenifunika, nami nimeshika mtungi wa maji, uso mweusi tii. Ukaandika: "Kila Desemba tunapanda milima ya Mbooni. Gari la kwanza kuchemka, mwenyewe ananunulia wote chai. Huyu amenunua miaka mingi. Tunatafuta wa kumsukuma."

Nilinuna njia yote hadi Malili.

"Heri wakucheke wakija," ukasema, "kuliko wakuheshimu wakiwa huko mbali."

Vijana wakaanza kuandika. Ukamjibu kila mmoja, hata siku ambazo ulikuwa huwezi kumaliza kikombe cha uji. Oktoba tukakuzika, na mimi nikasahau kabisa kwamba kuna watu umewaalika.

Jumamosi iliyopita wakaja. Walishuka barabarani na jinzi zao pana, Kioko akakimbia kutafuta tai. Msichana mmoja, Ndinda, akaniangalia kwa makini. "Si huyu ndiye mzee wa mvuke?"

"Ndiye mimi."

"Na Mama Mwende ako wapi? Ndiye alituambia tukuje."

Nusura niseme umeenda sokoni. Kioko ndiye aliyeniokoa. Alivua kofia, akasema, "Ametutangulia, wanangu." Ndinda akalia kama aliyekufahamu. Labda alikufahamu kweli. Yale mliyoandikiana siyajui.

Wakagawana magari. Likabaki Pijo, na kwenye Pijo kikabaki kiti cha mbele. Tangu Oktoba hakuna aliyekikalia. Leso yako iko pale, na mimi nikiendesha hukiongelesha, usiwaambie watu wa kanisa. Ndinda akasimama mlangoni. "Niketi wapi, Mzee?" Wenzangu wote ghafla wakaanza kukagua magurudumu yao.

Niliikunja leso, nikaiweka mapajani, nikamfungulia mlango.

Chama hakivunjwi tena, Mama Mwende. Ulishinda. Vijana wameshaulizia mwaka ujao, na Kioko anajifanya kwamba lilikuwa wazo lake. Lakini njia yote ile ya Mbooni, kila nilipogeuka kushoto kukuambia jambo, nilimkuta mtoto wa watu, ananisikiliza kwa adabu.

Pumzika sasa, mwenzangu. Nyumbani umeshafika.

Mumeo,
Baba Mwende