Somo Yako Ameushika Mlango

Chumba cha nyuma, kando ya cherehani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupunguzia maumivu na shemeji amesharudi salama kutoka safarini. Na Mama je? Anakula? Au bado anakataa uji mpaka umwambie ni wa mtu mwingine, ndipo aunywe wote? Mwambie nimemuulizia yeye kabla ya jambo lolote. Sisi huku tunapumua. Nikiandika kwamba ni wazima tu nitakuwa nakudanganya, nawe hujawahi kudanganyika nami tangu tukiwa wadogo.

Ujumbe wako ulimfikia shemeji yako kazini kwake, naye akaniletea neno kwa neno: Mama anamtaka kitinda mimba wake, hali yake si nzuri, na wewe umechoka kumtafutia majibu. Una haki ya kuninunia. Ila naomba usome hadi mwisho, ujue ni kitu gani kimenifunga.

Labda unashangaa pia kwa nini sikukupigia simu. Simu ya nyumbani tumeizima. Redio tumempa jirani. Humu ndani sauti ya mtu asiyeonekana haitakiwi tena, na hapo ndipo habari yangu inapoanzia.

Unajua mwanangu, somo yako, ana usonji, na hilo tulishalizoea. Tulizoea vyakula vyake visivyogusana kwenye sahani na namna anavyorudia matangazo ya redio, kikohozi cha mtangazaji kikiwemo. Basi shule zilipofunguliwa, nikimsikia anaongea peke yake, nilidhani ni yale yale. Mpaka siku moja nilikuwa nakunja nguo, naye amesimama anautazama ukuta wa sebuleni. Akasema, "Nimenyamaza. Mbona nimenyamaza?" Dada, hakuwa anarudia tangazo. Alikuwa anamjibu mtu.

Kesho yake nilipochukua kikapu niende sokoni, alikaa chini, mgongo kwenye mlango, akashika kitasa kwa mikono miwili. Nilipojaribu kumsogeza aling'ata mkono wake mwenyewe mpaka ukavimba. Sasa amenizidi kimo, usimkumbuke yule uliyembeba. Tukitoka pamoja hana neno. Nikitaka kutoka peke yangu, hapiti mtu. Na basi hapandi kabisa, hata lililoegeshwa haligusi. Kwako bila basi hakufikiki, hilo unalijua.

Hivyo nimo ndani. Wateja wananipitishia vitambaa dirishani na kupimwa viuno wakiwa barazani, mimi nikinyoosha mkono na utepe kama mfungwa anayeletewa chakula. Mmoja nilimshonea gauni likambana, akanilaumu, nikamwambia alivuta pumzi nilipompima. Shemeji yako ndiye anayekwenda sokoni. Analeta nyanya ambazo hata muuzaji alikuwa keshazikatia tamaa.

Yeye mwanzoni alidhani mtoto atasadiki akionyeshwa. Alichukua nyundo ya kazini kwake, si unajua mikono ya mchomelea vyuma, akaupiga ukuta mpaka plasta ikamwagika. "Yuko wapi? Tazama, ni matofali tu. Yuko wapi?"

Somo yako hakulia. Alimtazama baba yake akasema, "Umemuudhi."

Wiki ile ilikuwa nzito. Alilala ameziba masikio, hakutaka kuoga, na ukuta ule tukawa tunaupita kwa kunyata kama watu wanaoishi na mgonjwa. Jirani akaja na ushauri wa kumpeleka kwa mtu wa kumkemea. Nilimshukuru, nikamrudishia bakuli lake, nikafunga dirisha. Mwanangu tayari alikuwa na mtu wa kumkemea.

Tulikwenda hospitali kwa miguu, sisi watatu. Daktari alimuuliza, "Unasikia sauti?" Akajibu, "Ndiyo." Daktari akainama mbele. "Sauti ya nani?" Akasema, "Yako." Nilicheka mpaka nikaona haya, kisha nikaanza kulia pale pale. Daktari naye alicheka, akasema kosa ni la swali. Alimpima masikio kwanza, maana watoto kama yeye huweza kusikia mlio wa friji au bomba ambao sisi wengine hatuujali. Masikio yalikuwa mazima. Akatupeleka kwa mshauri, mama mmoja mtulivu anayeongea kama mtu anayetia uzi kwenye sindano.

Huyo mshauri alitwambia jambo ambalo nimelishika. Tusimwambie hakuna mtu, kwa sababu kwake yupo, na tukibishana naye atabaki na huyo wa ukutani peke yake. Lakini pia tusijifanye tunamsikia, maana tutakuwa tumempa nguvu. Tuseme kilicho kweli: mimi simsikii, ila naona unaogopa, na niko hapa. Alisema wapo watoto wa usonji wanaosikia sauti, na hofu huwa chanzo mara nyingi, kwa hiyo tutafute kilichotokea siku zile zilipoanza. Dawa zipo zikihitajika. Ikimwamuru ajiumize, au akiacha kula na kulala, tumrudishe siku hiyo hiyo bila kungoja.

Shemeji yako aliuliza, "Na mke wangu atatoka lini nyumbani?" Mshauri akasema hajui. Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa njiani nilitembea kama niliyebeba mawe.

Mimi nilianza kukaa naye sakafuni pale mlangoni, nikipinda nguo za wateja huku tunaongea. Kumuuliza "ni nani" hakukuleta kitu. Siku moja nikamuuliza, "Anaongea vipi?" Hapo akafungua kinywa, Dada, ikatoka sauti ya mwanamke mzima, ya puani, yenye kufyonza meno mwishoni: "Kelele tena, uone. Mama yako ataondoka, na leo harudi."

Sindano iliniponyoka. Sauti ile naijua. Ni ya yule mama wa basi la shule, anayewapandisha watoto na kuwashusha. Kila asubuhi alikuwa ananiambia, "Usijali mama, huyu wangu." Nami nilikuwa namwachia mkono wa mwanangu na kusema asante.

Nilimwambia, "Mimi simsikii sasa hivi. Lakini maneno hayo ni mabaya, na aliyeyasema alikosea." Akanitazama usoni, jambo asilolifanya. Akauliza, "Alikosea?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena na tena mpaka jua likahama dirishani, nami nikajibu kila mara kwa namna ile ile, maana nikibadilisha hata neno moja anaona nimeanza jibu jipya.

Shemeji yako alikwenda shuleni bila nyundo. Yule mama alilia, akasema ni maneno ya kuwatuliza tu, kila mtoto anaambiwa. Wamemtoa kwenye basi. Ila kichwani mwa somo yako hajashuka. Nilidhani tukishamjua atanyamaza. Hakunyamaza. Anakuja asubuhi, anakuja nikishika kikapu, na siku nyingine mwanangu ananiomba nimwambie aondoke, nami sina mlango wa kumtolea.

Baba yake amebadilika. Akirudi anavua viatu, anakaa sakafuni na kuuliza, "Leo amesemaje?" Akijibiwa, anasikiliza kama anayesikiliza habari za mtoto wa jirani mkorofi. Plasta ameirudishia mwenyewe, imekaa vibaya sana.

Sasa nikueleze la juzi. Nilimwambia somo yako chumvi imekwisha, nataka kwenda dukani, nitarudi. Alishika kitasa. Nikangoja. Nikamuuliza kuna kitu gani kitamsaidia kuamini kwamba nitarudi. Alifikiri sana, kisha akavua ndala zake akanisukumia. "Hizi ni zangu. Uzirudishe." Na akasogea, Dada. Akasogea yeye mwenyewe, akafunga macho.

Nilitoka na ndala zilizonizidi miguu, nikiburuza kama bibi. Duka ni pale kwenye kona, lakini nilihisi kila mtu ananitazama. Nilipokuwa nangoja chenji, basi la kuja huko kwenu likasimama ng'ambo kupakia. Mlango wake ulikuwa wazi. Nafasi dirishani ilikuwepo, niliiona. Nikamuona Mama na shingo yake nyembamba juu ya mto. Nilivuka nusu ya barabara. Sijui miguu yangu ilikuwa inakwenda wapi, na sitaki kukudanganya kwamba ilikuwa inakwenda nyumbani. Kisha ndala moja ikachomoka. Nikainama kuiokota katikati ya barabara, dereva wa gari dogo akanipigia honi, na nilipoinuka nikageuka.

Alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha, macho yamefungwa. Alizichukua ndala, akazipangusa, akazivaa. Nikamuuliza, "Bado anaongea?"

"Anasema leo umebahatika tu."

Nikamwambia, "Mimi simsikii. Kesho nitatoka tena, nitarudi tena."

Akaitika, "Haya." Akaenda kunywa maji.

Basi ndiyo hivyo. Nimetoka mara kadhaa tangu hapo, ni dukani tu, na siku moja alikataa kabisa. Huko kwenu ni safari ya kulala njiani, na mwanangu bado anaipima dunia kwa urefu wa kona moja. Nikiondoka sasa, yule mama wa kichwani atakuwa amesema kweli, na sitapata tena neno la kumjibu. Mama anaweza asiningoje. Nimeliandika hilo nikiliona, Dada, sijalikwepa.

Kwa hiyo usimpe tumaini la uongo. Kaa karibu naye, umshike mkono wa kulia, ule anaopenda, umwambie kitinda mimba wako haji sasa, ana mtoto ameushika mlango. Mama amelea. Ataelewa kuliko wewe na mimi.

Nisalimie shemeji, na kaka yetu mwashi akipita hapo, na wanangu wote, hasa yule mdogo anayehoji kila kitu. Shemeji yako anakusalimu. Somo yako nimemuuliza nikuandikie nini, akasema nikuandikie kwamba yupo. Mungu amlaze Mama bila maumivu na akupe wewe mgongo wa kubeba zamu yangu pamoja na yako.

Ni mimi, mdogo wako, nikupendaye nikiwa ndani na nikiwa nje.