Swichi ya Nyuma

Mjukuu wangu Salum,

Salamu yako imefika, nasi hapa Jadida sote wazima, bibi yako kamaliza homa. Mimi tu sijatulia tangu uliposema kompyuta yako kuukuu haiwaki, na kwamba unamshuku mkeo kaiharibu, hata ukamgombeza.

Ujanani, ya ofisini kwetu nayo iligoma kuwaka. Nikamfokea Bi Riziki, mfagiaji wetu, mbele za watu, kisha nikaifungua yote. Kumbe jana yake radi zilipiga, naye akaizima swichi ya nyuma ya kompyuta, kama tuzimavyo vyombo vyote majumbani. Niliona haya kumwomba radhi, nikasema kesho. Juzi tumemzika.

Itazame swichi hiyo, Salum. Iwake isiwake, mwombe mkeo radhi leo.

Babu yako