Vidonge Kumi vya Awino

Jumatatu, 3 Machi

Uso wa Adhiambo umepona! Ule uvimbe wa mwisho kwenye taya umekauka. Nimemsimamisha mlangoni kwenye mwanga, nimemgeuza huku na huku mpaka akacheka. Hakuna usaha. Miaka minne mtoto wangu hakuweza kulalia shavu. Mwezi wa kwanza wa dawa chunusi zilizidi, nikalia. Huu ni wa tatu.

Watu walisema apake dawa ya meno. Ni mimi niliyempeleka kwa daktari wa ngozi kule Milimani. Mimi, wa darasa la saba.

Vidonge naviweka mimi kabatini. Natoa kimoja kila siku baada ya chakula cha mchana. Chakula kiwe na mafuta, ndiyo dawa iingie mwilini vizuri. Mimi nakaanga samaki, mafuta si shida. Midomo yake inapasuka. Anapaka mafuta mgando. Hilo tuliambiwa mapema.

Alhamisi, 6 Machi

Chama chetu cha akina mama. Nilimpeleka Adhiambo agawe chai. Haikuwa zamu yetu. Mama Otieno aliweka kikombe chini, akauliza, "Huyu ni yule yule?" Nikamwambia ni yule yule, tumbo ni hili hili.

Nilifurahi siku nzima. Sioni aibu kuandika.

Jumapili, 9 Machi

Nilikuwa Katito kwa dada yangu Dorina. Binti yake Awino amepata mchumba. Wazee wa kijana watakuja kwa ayie, siku mama wa msichana anapoombwa akubali. Kila jicho litakuwa kwa Awino, na paji la uso wake limejaa chunusi. Si kama za Adhiambo. Lakini zinaonekana.

Dorina akanivuta kando. "Dada, wewe una dawa na mtoto wangu atatoka hivi?"

Nilikuwa nimebeba kumi kwenye mkoba. Sitajidanganya hapa. Nilijua nitaombwa, na nilitaka kuombwa. Nimempa Awino, nimemweleza kama daktari: kimoja kila mchana, na chakula cha mafuta, usimeze tumbo likiwa tupu hata siku moja. Alinipigia magoti.

Kuna ile karatasi Adhiambo alitia sahihi kliniki, kwamba asipate mimba akiwa kwenye dawa, wala mwezi mmoja baada ya kuacha. Sikuitaja. Niliona ni ya wasichana wa ovyo. Awino anaimba kwaya.

Jumanne, 18 Machi

Kliniki. Wamempima Adhiambo damu, ini liko sawa. Halafu kipimo cha mimba, kama kila mwezi. Leo nilichoka. Nikamwambia daktari, mtoto wangu ni wa kwaya. Hakukasirika. "Mama, kidonge hakijui kwaya."

Akafungua boksi, akahesabu vidonge vilivyobaki. Kumi vinapungua. Nikasema vilianguka kwenye maji ya kufulia. Adhiambo alinitazama. Anajua sijawahi kuangusha kitu.

Daktari akasema polepole, kama anayesema na ukuta. Dawa hii haigawiwi mtu. Mimba ikiwa changa, hata siku chache za vidonge zinaweza kumharibu mtoto: moyo, kichwa, masikio. Au mimba itoke.

Niliitikia kwa kichwa.

Alhamisi, 20 Machi

Dorina amepiga simu akiwa na furaha. Upande wa kijana wameomba ayie ifanyike mapema zaidi. Kijana ana haraka, akasema Dorina akicheka. Halafu akalalamika. Awino siku hizi ana maringo, hataki samaki, akisikia harufu ya mafuta anakimbia nje.

Nimezaa watatu. Najua kukimbia huko.

Nikampigia Awino mara nne. Simu imezimwa. Samaki wote wa leo wameungua.

Ijumaa, 21 Machi

Katito. Nilifika Dorina akiwa sokoni, afadhali. Awino alikuwa anafua nyuma ya jikoni. Sikumsalimu. Nikamuuliza amemeza vingapi.

Akaanza kulia. Alidhani nimekuja kumgombeza kwa kupoteza dawa nzuri. "Mama mkubwa, nisamehe, sijaanza. Ulisema lazima na mafuta. Mafuta yananishinda."

Akaleta karatasi niliyofungia vidonge. Nikahesabu. Mara tatu. Kumi.

Nikakaa chini pale pale penye maji ya sabuni, na rinda langu la kanisani. Akaniambia mwenyewe. Miezi miwili. Kijana anajua, mama yake bado. Nami nikamwambia dawa ile ingefanya nini. Alishika tumbo kwa mikono miwili iliyojaa povu.

Si mimi niliyemwokoa yule mtoto. Ni harufu ya samaki.

Dorina aliporudi tulimwambia yote mawili, ya mimba na ya vidonge. Ya mimba aliuliza tu ni miezi mingapi. Ya vidonge alinitukana vizuri. Nilistahili.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudisha vidonge kliniki. Nimesema ukweli, hakuna maji ya kufulia. Daktari alivipokea, akauliza kama msichana ana hakika hakumeza hata kimoja. Ana hakika. Akasema hata hivyo aanze kliniki ya wajawazito wiki hii na awaeleze.

Adhiambo alisikia yote. Kufika nyumbani akachukua boksi kabatini, akaliweka chumbani kwake. "Mama, hizi ni zangu." Ni kweli ni zake. Iliniuma hata hivyo.

Jumapili, 30 Machi

Kimya leo. Nimeosha sufuria kubwa.

Awino ameanza kliniki Ijumaa. Dorina anaongea na mimi tena, kwa ufupi, juu ya mchele. Chunusi za Awino ziko pale pale. Amesema hatazipaka hata poda.

Mama Otieno ameniuliza kanisani kama ninaweza kumpatia mpwa wake vidonge viwili vitatu. Nimempa njia ya kwenda kwa daktari.

Adhiambo amemeza chake mchana, mwenyewe, baada ya samaki ngege wa kukaanga. Sikuambiwa nitazame. Nilitazama.

Samaki wa ayie nitakaanga mimi, mbali na nyumba, upepo usimfikie Awino. Wote tunakwenda. Jumamosi, tarehe kumi na mbili Aprili, Katito.