Uzoefu Wangu wa Miaka Kumi na Minane

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Tangazo limebandikwa ofisi ya kata, hapa Makote. Shirika moja la maji lenye ofisi Masasi, Chemchemi ya Kusini, linatafuta karani wa kumbukumbu. Astashahada ya kumbukumbu ninayo tangu 2021. Uzoefu wa miaka mitatu – sina. Nimeandika sivii kwenye daftari, ikaishia nusu ukurasa. Jina, shule, kwaya.

Baba kaisoma amesimama wima, kama alivyosoma masomo kanisani enzi za ukatekista wake. Akauliza kwa nini penye uzoefu ni patupu. Nikasema sijawahi kuajiriwa.

"Tangu una miaka minane, nani anashuka bondeni kuleta maji nyumba hii?"

"Mimi, Baba."

"Sasa hicho si kitu? Andika."

Nimeandika, ili tule kwa amani. *Kuchota maji, 2007 hadi sasa.*

Jumatano, 3 Septemba

Newala mjini, steshenari kwa Reginald. Anachapa sivii za nusu ya wilaya na bado yeye mwenyewe anatafuta kazi. Alifika kwenye mstari wa maji, akanitazama kwa huruma.

"Dada Witness, sivii haichoti. Sivii inasambaza."

Sijajibu, kashaandika: MSIMAMIZI WA USAMBAZAJI MAJI, MAKOTE. Nikamwambia afute. Akaniambia nimwonyeshe neno la uongo. Nikafikiri sana. Maji yapo. Makote ipo. Kusimamia nasimamia – Loveness, mdogo wangu, ana miaka kumi na tisa na haendi bondeni bila kusukumwa. Sikupata neno la kufuta.

Imetumwa. Moyo hauna raha.

Alhamisi, 11 Septemba

Wamepiga simu! Wananiita usaili. Si wa ukarani – wa msimamizi wa kanda. Nikamwambia dada wa simu kwamba mimi niliomba ukarani. Akasema ukarani wameomba watu mia mbili, huku kwenye usimamizi nipo peke yangu, na hata mimi wamenihamishia wao.

Baba kashukuru Mungu kwa sauti. Mimi sijui nishukuru au nitubu.

Jumanne, 16 Septemba

Masasi. Wasaili wawili: Mama Esther wa utumishi na Mhandisi Anselmo. Niliapa njiani kwamba nitasema kweli tupu. Nimesema. Haikusaidia.

Mama Esther alipiga hesabu ya miaka, akaniuliza kama kweli nilianza nikiwa na minane. Nikasema ndiyo, mama. Akamgeukia mwenzake: "Kipaji."

Mhandisi akauliza uwezo wa mtambo. Nikasema lita ishirini kwa safari. Wafanyakazi? Mmoja, mvivu. Akaandika. Changamoto? Kilima. Akaandika. Kisha akauliza maji kiasi gani yanapotea njiani.

"Ukifunika ndoo kwa majani, halimwagiki hata tone."

Akaweka kalamu chini. Akasema mabomba yao yanapoteza nusu.

Hapo nikaona nisiwe mnafiki. Nikasema, Mhandisi, ni ndoo. Nabeba kichwani. Hakuna mtambo.

"Dada, sote tulianza na ndoo," akanijibu kwa upole, akanisindikiza hadi mlangoni.

Jumatano, 17 Septemba

Wamempigia Baba, yumo kwenye sivii kama mdhamini. Walitaka kujua kama huduma iliwahi kusimama. Akawaambia mara moja tu, nilipougua surua, 2009. Wakamwambia rekodi kama hiyo hawajaisikia. Wanakuja kukagua.

Nimemwomba Baba awaeleze vizuri. Anasema kaeleza vizuri, kila neno la kweli, na hawezi kuwazuia watu kuelewa wanavyotaka.

Sijala.

Jumatatu, 22 Septemba

Mhandisi kaja peke yake, saa tatu asubuhi, na gari la shirika. "Shikamoo, Baba Witness." "Marahaba, karibu." Kabla ya chai akaomba aone miundombinu. Baba akamwonyesha njia. Basi. Njia ya udongo mwekundu inayoteremka, na akina mama wanaopanda na ndoo, shingo zimenyooka.

Alitazama muda mrefu. Nikangoja anifukuze, maana hata kufukuzwa kungekuwa jibu. Badala yake akasema mkaguzi asiyetembea hajakagua. Akavua koti. Akavua viatu. Akaomba ndoo. Baba akamsokotea ngata kwa kanga yangu, Loveness akatangulia, wakashuka. Nilipotaka kuwafuata, Mhandisi alinizuia: msimamizi abaki juu, ashike koti na faili.

Sasa ni saa sita kasoro. Baba yuko ukingoni ananitangazia. Kajaza ndoo. Kainua. Kamwaga. Karudi kujaza. Loveness anamcheka waziwazi, na hilo ni kosa la mfanyakazi wangu. Akina mama wamesimama kumfundisha, kila mmoja na lake.

"Amekaa chini," anasema Baba. Kisha: "Anafuta uso. Sijui jasho, sijui nini."

Faili lilifunguka lenyewe magotini – karibu lenyewe. Fomu moja, imejazwa yote isipokuwa mstari wa mwisho: *Je, maelezo ya mwombaji ni ya kweli? Ndiyo. Hapana.*

Kalamu yake ndiyo hii ninayoandikia.